Nikivua kofia, punguza

Mzunguko wa kwanza wa mbio zake za kwanza za mita 800, binti yangu aliumaliza akiwa mbele ya wenzake kwa karibu mita 20. Mimi nilikuwa nimepanda juu ya kiti cha tuktuk yangu, nje ya uzio, napiga kelele mpaka koo likanikauka. "Vuta, mama! Vuta! Kaza hapo hapo!" Mzunguko wa pili aliumaliza wa mwisho katika wasichana tisa. Wa nane alikuwa amepoteza kiatu kimoja njiani.

Yalikuwa mashindano ya shule ya ngazi ya zoni, huku kwetu Kisauni, Mombasa, na yeye ndio kwanza ameingia gredi ya 7. Alivuka mstari, akaketi mchangani, akajifunika uso kwa hijabu. Nilipomfikia hakuwa akilia. Aliniuliza tu kama tunaweza kwenda nyumbani kabla matokeo hayajatangazwa.

Naandika haya kwa sababu wazazi wawili watatu pale steji wameniuliza tulifanyaje baada ya hapo, na kumweleza kila mmoja huku abiria anangoja ni kazi.

"Hana pumzi." Hilo ndilo jibu nililopewa na kila mtu: dereva mwenzangu, muuza madafu, hata shemeji yangu ambaye maisha yake yote hajakimbia ila kuikimbilia feri. Wengine wakaongeza kwamba nisijisumbue, riadha ni ya watu wa Iten, waliozaliwa mita 2,400 juu ya bahari, na sisi ambao bahari inatulowesha nyayo tubaki na mpira wetu. Hilo la mwinuko sina ubishi nalo, hewa ya kule ni nyepesi na mwili hujizoesha. Lakini mwanangu hakushindwa na watu wa Iten. Alishindwa na wasichana wa mtaa wa pili.

Basi tukaanza kutafuta pumzi. Jumamosi nikimaliza abiria wa asubuhi, nampeleka uwanjani saa tatu. Mwezi wa pili, kaskazi inavuma na jua halina huruma. Siku ya pili alikimbia mizunguko minne, akatapika. Na mimi ndiye niliyepaswa kujua kuliko mtu yeyote, kwa sababu tarehe 24 Machi 2007 nilikuwa pale Mombasa Golf Club, kijana wa kusukumana na watu ili nione, dunia nzima ilipokuja kwetu kukimbia mbio za nyika. Nilimwona Kenenisa Bekele, aliyekuwa hajashindwa mbio hizo miaka mingi, akiacha katika mzunguko wa mwisho. Zersenay Tadese wa Eritrea ndiye aliyeshinda. Wanaume waliokomaa walikuwa hoi. Joto letu si joto tu, ni unyevu: jasho linatoka lakini halikauki, na jasho lisilokauka halimpozi mtu. Hayo niliyaona kwa macho yangu, kisha miaka ikapita, nikamtoa mtoto wa miaka 12 juani saa tatu.

Tukahamia alfajiri, na tukahamia ufuoni. Hapa ndipo nilipolazimika kwenda kwa jirani yangu mvuvi kujifunza jambo ambalo mtu wa Mombasa anaona haya kukiri kwamba halijui. Mchanga mkavu unamchosha mkimbiaji bure. Unaotakiwa ni ule ulioachwa na maji punde hivi, mgumu kama sakafu. Sasa, siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bahari hutoka mbali sana, lakini hutoka mnamo saa nne asubuhi, jua likiwa limekwisha kupanda. Alfajiri yake maji bado yamejaa, yanalamba kuta za mahoteli. Siku za maji mafu bahari haitoki sana, ila ukanda mgumu unaupata alfajiri au jioni, na kwetu huo unatosha. Na kila siku saa husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Nikaanza kuandika saa za maji kupwa kwenye kalenda ya duka iliyotundikwa jikoni, na mke wangu akaanza kulalamika kwamba hana tena mahali pa kuandika deni la maziwa.

Wiki nane tulienda vizuri. Namshusha Nyali, anakimbia taratibu kuelekea kaskazini, mimi nazunguka na tuktuk kwa barabara, namchukua ufuo wa Pirates, namrudisha nyumbani anaoga anakwenda shule. Nilijiona nimepata ujanja: hapotezi muda kurudi, na mimi nabeba abiria mmoja katikati.

Kisha goti likaanza. La kushoto, chini kidogo ya pia, palipotokea kinundu kinachouma ukikigusa. Nyanyake akampaka mafuta ya mkaratusi na kuniangalia mimi. "Huyu mtoto yuwakimbizwa na nani kila siku ya Mungu?" Nikampeleka kwa daktari. Alibonyeza pale, akauliza amerefuka kiasi gani. Kweli, sketi iliyofika chini ya magoti Januari sasa ilikuwa juu ya magoti. Akaeleza kwamba mtoto akirefuka kwa haraka mfupa hutangulia, kano na misuli hubaki nyuma, na kila hatua vinavuta pale vilipojishikiza. Si ugonjwa wa kutisha, lakini mbio zipunguzwe. Halafu akauliza anakimbilia wapi. Nikamweleza mpango wangu wa Nyali hadi Pirates, na kwa fahari.

Daktari akachukua karatasi, akaiinamisha upande. "Bahari iko mkono wake wa kulia siku zote, au siyo? Ufuo una mteremko. Mguu wa kulia uko chini, wa kushoto uko juu, kila hatua, wiki nane. Angekuwa anarudi kwa miguu, ingesawazika."

Nikanyamaza. Abiria mmoja wa katikati.

Wiki sita hakukimbia. Na huko kukaa bure ndiko kulikotufaa kuliko yote, maana jioni moja tulikuwa hatuna la kufanya, mke wangu akatoa video aliyoichukua kwa simu siku ile ya zoni. Nilikuwa sijaitazama hata mara moja. Tukaitazama sote kitandani, mtoto akiwa katikati na barafu gotini, mimi nikihesabu kwa saa. Mzunguko wa kwanza: dakika 1 na sekunde 12. Wa pili: dakika 1 na sekunde 42.

Tukatafuta mbio za mita 800 za David Rudisha, Olimpiki ya London 2012, alipoweka rekodi ya dunia ya dakika 1:40.91 akiongoza tangu mlio hadi utepe. Mzunguko wa kwanza sekunde 49.28, wa pili 51.63. Tofauti haifiki sekunde 2 na nusu. Ya binti yangu ilikuwa sekunde 30. Alikuwa na pumzi tangu mwanzo, masikini. Alikuwa akiitumia yote kabla ya kengele ya mzunguko wa mwisho.

Na kwenye video kuna sauti. Mtu anapiga kelele "Vuta! Kaza!", na kila akipiga, msichana anaongeza mwendo. Unaliona wazi, kama mtu anayemchapa punda. Mke wangu hakusema kitu. Alirudisha nyuma tu, akaicheza tena.

Binti yangu ana ubishi wa kwao kwa mama. "Lakini Baba, Mary Moraa alitoka mbio hivyohivyo kule Birmingham 2022, akabaki nyuma, akarudi akachukua dhahabu." Ni kweli, kwenye mita 800 za Michezo ya Jumuiya ya Madola aliongoza, akarudi nyuma kabisa, kisha akawapita wote. Nikamwambia akishakuwa Moraa atafanya atakavyo.

Tuliporudi ufuoni, nilikuwa na mitungi mitano ya lita 5 nyuma ya tuktuk, nimeijaza mchanga ili isipeperuke. Nilipima kwa kamba, mtungi kila mita 100, na safari hii aliyekwenda alirudi kwa miguu yake. Mchezo ulikuwa huu: anakimbia mita 100 bila saa, akifika ananiambia ametumia sekunde ngapi, ndipo namwonyesha simu. Tulitaka 19. Sekunde 19 mara nane ni dakika 2 na sekunde 32, muda ambao kwetu wakati ule ulikuwa ndoto.

Siku ya kwanza alifika akasema, "20." Simu ilisema 15.

"Hapana, Baba, hiyo simu mbovu."

Mara ya pili akasema 20 tena, ilikuwa 16. Alikuwa hajui kabisa anakwenda kasi gani. Kwake kulikuwa na kutembea na kulikuwa na kukimbia, basi. Ilichukua karibu mwezi. Aligundua mwenyewe kwamba kwenye 19 anaweza kuhesabu hatua kwa sauti bila kukatika, na kwenye 16 hesabu inamkwama kooni. Tangu hapo akawa anahesabu hatua. Mwezi uliofuata ulikuwa ukimwambia 19, anakupa 19, ukimwambia 22, anakupa 22, na mimi nikabaki kama kondakta asiye na gari.

Kilichobaki kilikuwa mdomo wangu. Nilijaribu kunyamaza kwenye mazoezi ya shule nikashindwa, mwalimu wa michezo ni shahidi. Hapo ndipo likaja wazo la kofia. Ninavaa kofia yangu nyeupe ya vito, inayoonekana hata kutoka ng'ambo ya uwanja. Nasimama penye mita 200, mkono mmoja una saa, mdomo nimeuziba kwa ndizi au kashata, chochote. Akipita kwa sekunde 38, kofia iko kichwani. Akipita kwa 36 au chini yake, nimeivua: punguza. Hakuna ishara ya kuongeza. Hiyo tuliiacha kwa makusudi.

Lililokuwa gumu kwake halikuwa la miguu. Ukipita mita 200 za mwanzo kwa sekunde 38, katika mbio za wasichana wa shule uko nyuma. Wenzako wote wametoka kama mshale, na darasa zima linakuita jina, wengine wanacheka. Kuwa wa mwisho kwa hiari yako mbele ya watu wanaokujua, ukiwa na miaka 13, ni kazi kuliko kupanda kilima. Mara mbili alishindwa akawafuata. Mara ya tatu alivumilia, na kwenye mita 500 akaanza kuwaokota mmoja mmoja.

Mengine nayapitia haraka. Mahamri na mbaazi asubuhi ya mbio, hapana, yalimpa kichomi. Uji mwepesi na ndizi saa mbili kabla. Baada ya mazoezi, maji ya ukwaju yenye chumvi kidogo. Viatu vya spaiki nilivinunua mitumba Kongowea vikiwa vikubwa, nikavitia pamba, akavivua akakimbia miguu mitupu na hakuna kilichopungua. Ramadhani hatukukimbia vya maana, tulitembea tu kabla ya futari. Nyanyake alitaka kujua mavazi yatakuwaje. Mamake akashona suruali nyepesi ndefu na hijabu fupi isiyopepea, na shauri likaisha hapo, ingawa mimi nilikuwa nimejiandaa kwa vita.

Gredi ya 8, zoni ileile, uwanja uleule: dakika 2:41, wa kwanza. Kaunti ndogo: 2:38, wa pili.

Kisha kaunti. Nilifika nimechelewa, nimevaa kofia, na mabasi ya shule yalikuwa yameegeshwa upande wote wa mita 200. Askari hakutaka kuniskiza. Wazazi nyuma, nyuma kabisa. Nikajikuta kati ya basi na mkokoteni wa muuza miwa. Niliusikia mlio, nikabonyeza saa, na kwa sekunde 38 sikuona kitu ila matairi. Nikabaki nimeshika kofia mkononi nisijue niivae au niiache.

Waliibuka upande wa pili. Yeye alikuwa wa kumi katika kumi na wawili. Kwenye kengele wa saba, dakika 1 na sekunde 16. Sikupiga kelele. Muuza miwa ndiye aliyepiga, bila kujua ampigie nani. Mita 300 za mwisho wasichana wakaanza kukakamaa mabega, na yeye anapita tu, midomo inacheza, anahesabu. Alimaliza wa tatu, dakika 2:35. Wawili ndio waliokuwa wakienda mbele.

Alikuja akinitafuta, mchanga hadi magotini.

"Baba, kofia uliivua?"

"Ningeivulia wapi, mwanangu? Nilikuwa nyuma ya basi. Hukuniona?"

"Wala sikutazama. Ningetazama ningepoteza hesabu."

Kisha akaninyooshea mkono, anataka shilingi 50 za maji ya miwa, yenye tangawizi na ndimu.