Panya namba saba

Jumatano, usiku.

Panya namba saba leo kagoma. Nimemshusha majini taratibu, uso ukielekea ukingo wa beseni kama tunavyofundishwa, akaelea tu, masharubu juu ya maji. Sekunde 60 zikaisha. Nikamsogeza kwa mkono hadi kwenye kijukwaa, akakaa pale akichuruzika maji na kunitazama.

Kijukwaa chenyewe hakionekani. Kiko sentimita moja chini ya maji, na maji tumeyatia maziwa ya unga. Panya anapaswa kukikumbuka kwa kuangalia michoro tuliyobandika ukutani. Mtindo huu aliubuni Richard Morris mwanzoni mwa miaka ya 1980, na bado ndio tunaoutumia.

Nusu saa kabla ya kuogelea wanachomwa skopolamini ili wasahau. Dawa hiyo imo kwenye mnanaha, ule ule tuliochapwa utotoni kwa kuuchezea. Basi mmea mmoja unaiba kumbukumbu, na tunauliza kama mwingine, mlonge, unaweza kuilinda. Kundi moja linanyweshwa mlonge, jingine donepezili, dawa ya hospitali ya ugonjwa wa kusahau, jingine maji matupu. Nani kapewa nini sijui. Mimi naona rangi za chupa tu; orodha anayo msimamizi wangu, kaifungia. Namba saba ni bluu.

Jioni nikampigia Bibi, Muheza.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mwanangu. Hao panya wako wamekumbuka?"

Nikamwambia bado. Akanisimulia mvua, na mbuzi wa jirani aliyemaliza mchicha wake. Uji wake siku hizi anautia mlonge, tangu mjomba amnunulie kopo stendi. Lebo inasema unatibu magonjwa mia tatu. Mia tatu! Mimi nahangaika na moja.

"Enhe, na hao panya wako, wamekumbuka?"

Sikujua nimjibu nini. Panya wangu kesho asubuhi watakuwa wazima, kwa sababu skopolamini huziba tu njia ya asetilikolini, kemikali inayopeleka ujumbe kwenye ubongo, kwa saa chache. Usahaulifu wa uzeeni hauondoki kwa kulala. Mlonge ukimsaidia namba saba, bado sitakuwa na haki ya kumwambia Bibi aongeze kijiko.

Ginkgo nayo, dawa ya majani ya mti, ilisifiwa hivi hivi. Marekani wakawajaribu wazee 3,069, wengi wao wenye miaka 75 na zaidi, kwa takriban miaka sita. Matokeo yakatoka mwaka 2008: waliomeza ginkgo, 277 walipata ugonjwa wa kusahau; waliomeza vidonge vitupu, 246. Haikuwalinda hata kidogo.

Lakini galantamini, ambayo leo madaktari wanawaandikia wagonjwa wa Alzaima, aina ya ugonjwa huo wa kusahau, ilianzia kwenye ua la mmea. Haiponyi, ila kuna inaowasaidia kwa muda. Hiyo ndiyo inayonirudisha kwenye beseni kila asubuhi.

Daftarini nimeandika: bluu, saba, sekunde 60, hakufika. Kesho tunaondoa kijukwaa kabisa, tuone atakitafuta upande gani.