Atakupeleka mjini huyo

Maboksi bado yamejaa sebuleni (ndiyo, tumehama, Baba Zai hatimaye kanyoosha mikono), na usingizi hauji. Kisa maneno yangu mwenyewe.

Jumanne alfajiri, saa kumi hivi, mama mmoja alikuja wodi ya njiti kukamua maziwa. Mwanawe kazaliwa na wiki 31, kilo 1.4. Akachungulia, akacheka: "Sista, mwone anavyoendesha baiskeli! Babake mtupu, dereva wa bodaboda."

Nami nikacheka. "Atakupeleka mjini huyo." Nikarudi kwenye mafaili yangu.

Atakupeleka mjini. Miaka tisa nalea njiti, halafu natamka hivyo.

Nilipokwenda kumlisha ndipo nikaona mdomo unamung'unya patupu, macho yamegandia upande mmoja. Nikashika kifundo cha mguu. Mtetemo wa kawaida ukiushika hutulia. Huu uliendelea kunisukuma kiganja, taratibu, kama cherehani ya miguu. Degedege la njiti halina makeke. Linajificha humohumo kwenye vijimambo tunavyoviita vituko vya watoto.

Sukari tukapima, ikawa sawa. Daktari wa zamu akaandika fenobabito, miligramu 20 kwa kila kilo, yaani 28, kwenye mshipa, polepole kwa dakika 20. Nikasimama na ambu, ule mfuko wa kumpulizia mtoto pumzi, mkononi nahesabu pumzi, maana dawa hiyohiyo inayozima degedege huweza kuzilegeza na pumzi. Kabla bomba halijaisha, mguu ukatulia.

Kulipokucha mama akarudi. "Sista, mbona haendeshi tena?"

Nikamweleza yote. Akafungua khanga, akaifunga upya. "Kumbe tulikuwa tunauchekea ugonjwa."

Tulikuwa. Nimeligeuzageuza neno hilo tangu siku ile. Angeweza kusema *ulikuwa*, na angekuwa na haki.

Leo ni siku ya tatu hajashikwa. Mchana kaukamata mpira wa kulishia puani, kauvuta wote, kisha akalia kwa kisauti cha kukwaruza. Mama yake hakucheka. Alinitazama kwanza. Nikamshika mtoto mguu, ukatulia, nikaitikia kwa kichwa. Ndipo tukacheka, mimi hadi machozi.

Paka naye hajaonekana tangu tuhame. Zai anasema karudi nyumba ya zamani, na kufika kule lazima avuke barabara ya malori.