Tao linasukuma: kanisa la Kilpeck kwa macho ya fundi

Kila mwenye nyumba hapa Lubumbashi siku hizi anataka matao kwenye baraza, lakini ukuta anautaka mwembamba, kuokoa matofali. Haiwezekani, baba. Tao la nusu duara halishuki chini tu, linasukuma pembeni. Ukitoa mbao za kulishikilia na kando hakuna uzito wa kulizuia, ufa utauona.

Vijana ninaowafundisha kazi nawaonyesha kwenye simu picha za Kilpeck. Ni kijiji kidogo cha Herefordshire, Uingereza, karibu na mpaka wa Wales. Kanisa lake lilijengwa mnamo 1140 hivi, enzi za Wanormani, watawala waliotoka Ufaransa kuiteka Uingereza, kwa jiwe jekundu la mchanga. Kuta nene, madirisha madogo, na nyuma ya altare chumba cha nusu duara kilichofunikwa kwa mawe. Kuna wanaosema giza la makanisa ya namna hiyo lilikusudiwa kuwatisha waumini. Mimi naona hesabu ya fundi tu: kila dirisha ni tundu unalotoboa kwenye kitu kinachobeba mzigo. Katedrali yetu ya Petro na Paulo, ya matofali mekundu, Wabelgiji waliijenga wakiwa tayari na saruji, na bado kuta zake si za mchezo.

Ila kinachowachekesha vijana wangu ni vichwa vya mawe chini ya ukingo wa paa. Vimebaki 85. Kuna mbwa na sungura wamekaa pamoja kama marafiki, kuna mazimwi, na kuna mwanamke anayejipanua sehemu za siri kwa mikono miwili, kanisani! Mlango wa kusini nao umejaa nyoka, ndege na wapiganaji waliovaa suruali. Nakshi bado ina makali.

Waliochonga, wataalamu huwaita tu Shule ya Herefordshire, yaani kundi la wachongaji wa mtindo mmoja, si shule ya madarasa. Walichonga pia kanisa la Shobdon, mkoa huo huo. Hilo lilibomolewa katika miaka ya 1750, matao yake yakasimamishwa nje, mlimani, yawe pambo la shamba la tajiri. Bila paa. Mvua imeyala mpaka sura hazitambuliki. Kwa hiyo anayetaka nakshi kwenye baraza yake, tuanze kuongea bei ya mabati.