Mama Mkubwa Anakuja Nairobi, na Safari Hii Tunaenda Kutazama Picha

Watanzania wenzangu wakija kunitembelea Nairobi huwa wanataka mambo yaleyale: Gikomba kwa mitumba, Eastleigh kwa vitambaa, kisha mbuga ya wanyama. Mwezi ujao anakuja mama mkubwa kutoka Marangu, mwalimu mstaafu, na nimeamua kumpeleka kwenye sanaa ya kisasa. Nilipomwambia kwenye simu akacheka. "Mwanangu, picha za Wazungu mimi nitazielewa wapi?"

Nikamwambia si za Wazungu, mama, na mmoja wa walioujenga uchoraji wa mji huu alizaliwa hukohuko Marangu. Akanyamaza kidogo, halafu akauliza ni wa ukoo gani. Nikasema Njau. "Njau wa wapi?" Hapo nikajua nimempata.

Elimo Njau alizaliwa mwaka 1932, akasomea sanaa Makerere, na mwaka 1965 yeye na wenzake walianzisha Paa ya Paa hapa Nairobi, mahali pa kwanza kabisa au miongoni mwa pa kwanza ambapo Waafrika wenyewe waliendesha nyumba ya sanaa Kenya. Walianzia katikati ya mji, baadaye wakahamia Ridgeways, nje kidogo ya Barabara ya Kiambu. Mwaka 1997 moto uliteketeza sehemu kubwa ya kazi zilizokuwa zimehifadhiwa pale. Kila nikiufikiria moto ule nasikia uchungu, kwa sababu picha ikiungua haina mbegu ya kupandwa upya.

Njau hakuwa peke yake. Sam Ntiro, mtu wa Machame, naye alipitia Makerere, akasoma London, kisha akawa balozi wa kwanza wa Tanganyika Uingereza. Kuna picha yake ya mwaka 1956 ya wanaume wanaopeleka mbege, pombe ya ndizi, kwa bibi harusi usiku. Leo ni mali ya MoMA, lile jumba kubwa la sanaa ya kisasa la New York. Ntiro alipenda kuchora watu wengi wadogowadogo wakiwa kazini pamoja, migomba imewazunguka, nyuso hazina alama nyingi. Unamtambua mtu kwa alivyoinama au alivyobeba mzigo. Mama mkubwa ameona mbege ikipelekwa namna hiyo tangu utotoni. Hahitaji mtu wa kumfafanulia.

Ndiyo maana nasema msimamo wangu wazi: usimpeleke mgeni wako kwenye sanaa kwa kumwambia "ni vitu vigumu lakini vizuri." Mtafutie kwanza mlango anaoujua, mengine yatakuja yenyewe.

Sasa mpango. Nairobi haina jumba moja kubwa la sanaa ya kisasa ambalo unaingia asubuhi na kutoka jioni umemaliza. Kazi zimetawanyika, na foleni za mji huu zinajulikana. Nimechagua sehemu tatu kwa siku tatu tofauti, na nyingine nimeziacha kwa makusudi.

Siku ya kwanza ni Nairobi Contemporary Art Institute, wengi huiita NCAI, kwenye jengo la Rosslyn Riviera, Barabara ya Limuru. Ukitoka mjini, matatu za Ruaka, namba 106 au 107, hupita njia hiyo. Mwanzilishi wake ni Michael Armitage, mchoraji aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984. Mwaka 2021 alipofanya maonyesho yake Royal Academy, London, alitenga nafasi kwa wachoraji wa Afrika Mashariki waliomtangulia, Njau akiwamo, na sehemu hiyo ikapewa jina la Kiswahili: Mwili, Akili na Roho. Kijana amefika kwenye ukumbi ule, akaingia na wazee wake. Hilo linanigusa sana.

NCAI ilifungua milango mwaka 2022 na kazi za Sane Wadu, mwalimu wa Kenya aliyeacha chaki akashika brashi. Watu walimwita mwendawazimu, naye akajichagulia jina Sane, yaani mwenye akili timamu. Kiingilio pale ni bure. Lakini maonyesho hubadilishwa, na wakati wa kushusha na kupandisha picha ukumbi hufungwa, kwa hiyo piga simu kabla ya kumvisha mzee viatu. Mama mkubwa magoti yanamsumbua. Nimepanga saa moja tu, picha nne au tano, tukae mbele ya kila moja mpaka atakaponiambia twende. Yeye ndiye ataamua, si mimi.

Siku ya pili ni Nairobi Gallery, pale Kenyatta Avenue inapokutana na Uhuru Highway. Jengo ni la mwaka 1913, lilikuwa ofisi ya serikali ya kikoloni. Watu walikwenda kuandikisha vizazi, ndoa na vifo. Ndani kuna vitu vya Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais wa Kenya mwaka 1966, na mkewe Sheila. Murumbi aliacha siasa mapema akatumia maisha yake kukusanya sanaa ya Afrika wakati wengi wetu tuliiona ni mambo ya kizamani. Sehemu nyingine ya mkusanyo wake iko Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, ukitaka kuongeza.

Angalizo kwa wanaotoka nyumbani: sehemu zilizo chini ya Makumbusho ya Taifa hulipiwa kwa eCitizen, mtandao wa huduma na malipo wa serikali ya Kenya, fedha taslimu hazipokelewi. Mwenyeji wako akulipie kwa simu yake mapema. Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hulipa pungufu kuliko watalii wa mbali, basi pasipoti usiiache nyumbani. Makumbusho makubwa ya Museum Hill nimeyaacha. Ni mazuri, ila kuna ndege, mifupa na historia yote ya binadamu. Mtu akifika kwenye picha amekwisha choka.

Jumapili ndiyo siku ninayoingoja zaidi. Tutakwenda Murang'a, kwenye kanisa la Anglikana ambako Njau alichora ukutani mwaka 1959, Kenya ikiwa bado chini ya hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni. Ni picha kubwa tano za maisha ya Yesu, kuanzia kuzaliwa hadi msalaba. Yesu ni Mwafrika, na vilima vilivyo nyuma yake ni vilevile unavyoviona ukitoka mlangoni. Mama mkubwa ni Mlutheri wa kindakindaki. Nataka asali ibada yake kwanza, watu wakitoka ndipo tusogee ukutani. Simu kwa ofisi ya kanisa nitapiga wiki hii kuomba ruhusa ya kubaki, maana pale ni nyumba ya ibada kabla ya kuwa mahali pa kutazama picha.

Gari nimeshalikodi, na nyuma kuna nafasi mbili. Mtanzania yeyote aliyeko Nairobi anayetaka kwenda nasi Murang'a karibu, tutaondoka saa kumi na mbili asubuhi.