Fundi wa mvuke huanza na rejeta

Nyumba nyingi za zamani hapa Lowell, Massachusetts, ni za enzi za viwanda vya nguo, na kadhaa kati yake bado zinapashwa joto kwa mvuke. Sisi Wakenya tuliojazana mji huu tunazipenda kwa sababu zina nafasi, bei yake inavumilika kuliko ya Boston, na ghorofa ya juu unaweza kumpangisha mtu akakusaidia kulipa benki. Siku ya kuonyeshwa nyumba, wakala atakupitisha jikoni, atakusifia sakafu ya mbao, kisha atawasha taa ya besimenti, aseme "joto linafanya kazi", na kurudi juu haraka. Ni kweli linafanya kazi. Cha kujiuliza ni nani utampigia siku litakapogoma.

Ya kwetu ilikuwa na karibu kila ugonjwa wa nyumba za aina hii. Sebule iliiva mpaka tukafungua dirisha mwezi wa Januari, huku chumba cha watoto, upande wa kaskazini, kikiwa hakikaliki bila sweta. Rejeta ya korido, lile pande la chuma linalopasha chumba joto, ilitema maji ukutani kupitia kipumulio chake, kidude cha kutolea hewa. Alfajiri boila, mtambo wa kuchemshia maji kule besimenti, ikiwaka, mabomba yaligonga kwa nguvu kutoka chini ya nyumba. Mama mkwe, aliyekuja kutoka Nyeri kumwona mjukuu, alitoka chumbani usiku wake wa kwanza akiwa amevaa koti na viatu, akauliza kama tumeshapigia polisi simu.

Kabla ya kumtafuta fundi, ujue mtambo wenyewe japo kijuujuu, la sivyo utauziwa mbuzi kwenye gunia. Nyumba nyingi za namna hii hutumia bomba moja. Boila huchemsha maji, maji yakigeuka mvuke hutanuka mara 1,700 hivi, na mvuke huo hupanda wenyewe bila pampu hadi kwenye rejeta, yale mapande mazito ya chuma cha kusubu yanayokaa chini ya madirisha. Ukifika kwenye chuma baridi unarudi kuwa maji na kuliacha joto lake hapo. Maji nayo hushuka kwa bomba lile lile mvuke uliopandia. Mvuke ukipanda, maji yakishuka, wanapishana humo humo, na kinachowawezesha kupishana ni mteremko wa bomba tu.

Halafu kuna hewa, ambayo wengi huisahau. Boila ikipoa, mabomba na rejeta zote hujaa hewa, na mvuke hauwezi kuingia mahali ambapo hewa haijatoka. Hewa hutoka kupitia vipumulio: kile kidude cha rangi ya fedha kilicho ubavuni mwa kila rejeta, na vingine vikubwa zaidi kwenye bomba kuu kule besimenti. Mvuke ukikifikia, kipumulio hujifunga kwa joto lake. Ukilielewa hili umeelewa nusu ya malalamiko ya nyumba hizi. Rejeta iliyo baridi wakati bomba lake ni la moto, mara nyingi haina kosa lolote, imezibwa pumzi. Wapangaji wa miaka nenda miaka rudi wamepaka rangi juu ya kipumulio mpaka kitundu kimefungika. Zima boila, subiri ipoe kabisa kwa sababu mvuke unaunguza vibaya sana, kisha kifungue kwa mkono na upulize. Pumzi isipopita, nunua kingine. Kimoja hakifiki dola 50.

Vya besimenti ndivyo vinavyosahaulika zaidi. Kwetu kile cha bomba kuu kilikuwa kimekufa, na mwenye nyumba wa zamani alikuwa ameziba cha pili kwa kizibo cha chuma. Matokeo yake hewa yote ya bomba refu ilikuwa ikijaribu kutokea vyumbani kupitia vile vidude vidogo. Sebule, iliyo karibu na boila, ilijaa mvuke kwanza, thamostati, ile swichi inayopima joto la chumba na kuiamuru boila, iliyo hapo hapo ukutani, ikaridhika na kuzima, na watoto huko mwisho wa bomba wakabaki na baridi yao. Dawa yake haikuwa kuongeza moto. Ilikuwa kuweka vipumulio vikubwa besimenti, kisha kuipa sebule kipumulio kinachotoa hewa polepole na chumba cha watoto kipumulio kinachotoa hewa haraka.

Kelele nazo zina sababu yake. Maji yakituama mahali, mvuke unayachukua kwa kasi na kuyapiga kwenye kona ya bomba. Mara nyingi ni rejeta iliyoinamia upande usiofaa baada ya sakafu kushuka kwa miaka mingi. Chukua pima maji, ilaze juu ya rejeta: inatakiwa iinamie kidogo kwenye vali, ili maji yapate njia ya kurudi. Kipande chembamba cha mbao chini ya miguu ya upande wa pili kinamaliza kazi. Sababu nyingine ni watu kutumia vali ya rejeta kama ya jiko la gesi, kuifunga nusu ili kupunguza joto. Kwenye bomba moja vali ni wazi kabisa au imefungwa kabisa. Ya nusu inayakwamisha maji ndani.

Sasa tuje kwa mafundi, maana hapa ndipo pesa hupotea.

Kila jumuiya yetu ughaibuni ina "fundi wetu". Sisi tunaye kanisani, mtu mwema asiyechoka, amewapakia watu rangi, amewawekea vigae na milango. Alikuja hata kabla sijamaliza kueleza, akatazama boila, akasema, "Baba Njeri, hii presha ni ndogo, ndiyo maana mvuke haufiki juu. Tuiongeze." Nilimshukuru, tukanywa chai, nikamwomba asiiguse. Kumkatalia mtu wa kwenu aliyeacha usingizi wake baada ya zamu ya usiku ni kazi ngumu kuliko boila yenyewe, lakini wema wake na ujuzi wa mvuke ni mambo mawili tofauti. Presha ya mtambo wa nyumba ni ya kunong'ona: swichi huwekwa iwashe moto kwenye nusu pauni kwa inchi ya mraba na kuuzima ikifika moja na nusu au mbili. Ukiipandisha, mvuke haufiki upesi zaidi. Vipumulio vinateseka, mafuta au gesi inaungua bure, na kelele inazidi.

Isitoshe, gesi hapa Massachusetts haiguswi na mtu asiye na leseni ya fundi bomba au ya fundi gesi, na kubadilisha boila kunataka kibali na mkaguzi wa mji. Wenzetu wanaolikwepa hili ili kuokoa dola mia chache hawafikirii bima ya nyumba itasema nini moto ukitokea. Na kengele za gesi ya kaboni monoksidi zikague leo, usingoje fundi.

Wa pili alikuwa wa kampuni, gari lake limeandikwa pande zote. Alikaa besimenti kwa muda wa kusoma kibandiko cha boila, akapanda juu na bei ya kung'oa kila kitu na kuweka pampu za joto, mitambo ya umeme inayovuta joto la nje na kulileta ndani. Sina ugomvi na pampu za joto. Ni mitambo mizuri, na Mass Save, mpango wa kuokoa nishati hapa Massachusetts, hutoa ruzuku kwa anayebadili. Lakini nilipomuuliza kwa nini chumba kimoja ni baridi na kingine ni moto, alisema mvuke ni teknolojia ya kizamani. Hilo si jibu. Mtu anayekushauri uachane na mtambo kwa kuwa ameupima ukashindwa ni tofauti na anayekushauri hivyo kwa kuwa yeye haujui.

Tuliyempata mwishoni alipatikana kwa njia ambayo nawapendekezea wote. Nilienda kwenye duka la jumla linalouzia mafundi bomba vifaa, si yale maduka makubwa ya kila kitu, nikamuuliza mzee wa kaunta: ni nani hununua vipumulio vya bomba kuu mara kwa mara? Alicheka, akaniandikia jina kwenye risiti. Mtu anayevinunua anavifunga, na anayevifunga anajua ni vya nini.

Alikuja na futi, tochi na daftari, na hakushuka besimenti. Alianza ghorofa ya juu. Alipima kila rejeta, kimo chake, idadi ya vipande vyake na ya mirija katika kila kipande, akaandika. Nilimuuliza kwa nini. Akasema boila ya mvuke hailinganishwi na ukubwa wa nyumba wala na boila iliyotangulia. Inalinganishwa na rejeta, kwa sababu mvuke inaoutengeneza lazima uzijaze zote, usipungue na usizidi sana. Kila futi ya mraba ya rejeta huhesabiwa BTU 240 kwa saa, BTU ikiwa kipimo cha joto. Ukijumlisha, unalinganisha na futi za mraba za mvuke zilizoandikwa kwenye kibandiko cha boila. Ya kwetu ilizidi mno, ndiyo maana ilikuwa ikiwaka na kuzima, kuwaka na kuzima, usiku kucha.

Na mbona rejeta zenyewe ni kubwa hivi? Hapo alipenda kusimulia. Baada ya homa ya mafua ya 1918 kuua watu wengi, Wamarekani walihimizwa kulala madirisha wazi ili hewa safi iingie. Wahandisi wakapima rejeta na boila ziweze kuipasha nyumba joto siku ya baridi kali kuliko zote, dirisha likiwa wazi. Madirisha yamefungwa siku hizi, kuta zimewekewa sufu ya kioo, lakini chuma ni kile kile.

Boila yenyewe aliikuta nzima. Alichokilalamikia ni mabomba yanayoizunguka, ambayo aliyeifunga alitumia ya shaba, membamba, bila kuinua bomba kuu vya kutosha juu yake. Mvuke hutoka pale ukiwa na maji mengi, na maji hayo ndiyo yaliyokuwa yakitemwa ukutani. Alikagua pia kitanzi cha Hartford, ule mpindo wa bomba la kurudishia maji uliopendekezwa mwaka 1919 na kampuni ya bima ya boila ya Hartford, ili bomba la chini likitoboka boila isikauke ghafla huku moto unawaka. Tulikuwa nacho. Kibomba chembamba kilichopinda chini ya swichi ya presha kilikuwa kimejaa tope, kwa hiyo swichi haikuwa ikihisi chochote. Alikizibua. Mabomba mawili ya pembeni yalikuwa yamevikwa gamba jeupe la kuhifadhi joto, gumu kama plasta. Alitukataza hata kuyafagia, maana magamba ya umri huo huwa na asbesto, nyuzi zinazodhuru mapafu, na yana watu wake wenye leseni.

Kwa hiyo ukipiga simu, usiulize bei kwanza. Uliza: utapima rejeta? Presha utaiweka ngapi? Mabomba ya karibu na boila utatumia chuma au shaba? Anayejua atakujibu bila kukasirika, na pengine atafurahi kwamba mwenye nyumba ameuliza. Omba picha za boila alizofunga. Na usingoje theluji. Januari mafundi hawa wanakimbizana na nyumba ambazo hazina joto kabisa, na wewe mwenye chumba kimoja baridi utakuwa wa mwisho kwenye orodha. Piga Agosti au Septemba. Boila inaweza kuwashwa hata siku ya joto ili aone inavyofanya.

Kwetu kazi ya mabomba ya shaba imebaki hadi kiangazi, kwa sababu za mfukoni. Watoto hawavai sweta kulala. Maji kwenye kile kioo cha boila kinachoonyesha kimo chake bado yanashuka kuliko fundi anavyotaka, na anashuku bomba la kurudishia lililofukiwa chini ya saruji. Ametuambia tuandike kila mara tunapoongeza maji na kiasi gani, kwa kuwa maji mapya huja na oksijeni inayokula chuma. Daftari limening'inizwa kwenye msumari kando ya boila, na mama mkwe ndiye anayeliandika.