Athwart, neno lililokingama njiani

Mwaka jana nilipewa kazi ya kutafsiri kitabu kidogo kinachoeleza ujenzi wa mashua za makasia, na katika ukurasa wa tatu nilikutana na neno la Kiingereza athwart. Kamusi niliyokuwa nayo mezani ilinielekeza kwenye kitenzi "kuvuka", nami nikaandika kwamba mbao za kukalia "zinavuka mashua". Sentensi ile haikunikaa vizuri moyoni, lakini siku hiyo nilikuwa na haraka, nikaiacha ilivyo na kuendelea na kurasa zilizofuata.

Wiki chache baadaye nilikwenda Pangani kumjulia hali mjomba wangu, ambaye ujana wake wote aliutumia majahazini kati ya Pangani, Unguja na Pemba. Nilimkuta ufukweni chini ya mkungu, ameketi kwenye ukingo wa mashua iliyopandishwa mchangani. Baada ya shikamoo na marahaba nilimsomea sentensi yangu. Alinitazama kwa muda, kisha akachukua kafi lililokuwa karibu na kulilaza ndani ya mashua, ncha moja ikielekea omo, yaani mbele ya chombo, na nyingine tezi, yaani nyuma. "Hivi limefuata chombo," alisema. Akaligeuza, akaliegemeza ubavu huu hadi ubavu ule. "Na hivi limekingama. Mjomba, kinachovuka kinakwenda. Ubao huu unakwenda wapi?"

Swali hilo ndilo lililonifanya nilifuatilie neno athwart mpaka kwenye mizizi yake, kwa sababu niligundua kwamba kosa langu halikuwa la msamiati tu. Nilikuwa nimechukua neno la mkao nikalifanya neno la mwendo. Kiingereza kina neno lake la kila siku kwa mtu anayekwenda upande wa pili wa barabara au wa mto, nalo si athwart. Athwart ni hali ya kitu kilicholala kwa mapana ya kitu kingine, na mara nyingi ndani yake mna wazo la kwamba kilicholala hivyo kinazuia.

Asili yake si Uingereza. Mwaka 865 jeshi kubwa la Wadenmarki na Waskandinavia wengine lilitua mashariki ya Uingereza, na wengi wa watu wake hatimaye walibaki, wakalima, wakaoa na kusema lugha yao kando ya majirani zao kwa vizazi kadhaa. Maneno ya Kiingereza ya yai, kisu, dirisha na anga yametoka kwao, na hata kiwakilishi cha "wao" kimetoka huko. Katika lugha yao walikuwa na kivumishi þverr, chenye maana ya "-liokingama", ambamo herufi ile ya kwanza husomwa kama "th" ya thelathini. Kivumishi hicho kilipotumika kueleza namna kitu kilivyo, bila kufungamana na jina lolote, kilichukua umbo la jinsia isiyo ya kike wala ya kiume, nalo lilikuwa þvert. Hiyo t ya mwisho ndiyo iliyogandamana na neno hadi leo, Waingereza wakiitamka bila kujua kwamba ni kiambishi cha watu wengine.

Mswahili hahitaji kufafanuliwa sana jambo hilo, maana ndilo tunalofanya kila siku. Tunaposema "amefanya vizuri" au "ameanguka vibaya", hatutaji vitu vyovyote vya ngeli ya ki-vi. Tumeazima upatanisho wa ngeli ili kueleza namna. Ile t ya Kiskandinavia ni ndugu wa vi- yetu kwa kazi, ijapokuwa si kwa damu. Baadaye, katika karne ya 15, Waingereza waliongeza a- mwanzoni, iliyotokana na neno lao la "juu ya", kama walivyofanya katika maneno yao ya kuwa chomboni na kuwa ufukweni, na hivyo athwart ikakamilika.

Kiingereza cha kale chenyewe kilikuwa na neno la ukoo huohuo, þweorh, lililomaanisha kitu kilichopinda na pia mtu mwenye moyo wa kombo. Kijerumani kina quer, ambalo hapo zamani lilianza kwa tw, na kina Zwerchfell, msuli mpana unaotenga kifua na tumbo, ambao tafsiri yake ya neno kwa neno ni ngozi iliyokingama. Waholanzi wana dwars. Huko Iceland ipo mito kadhaa inayoitwa Þverá, yaani mto uliokingama. Mdenmarki anayetaka kusema "kinyume chake" husema tværtimod, na ndani yake mna kukingama kulekule. Ila ushahidi ulionigusa zaidi ni wa Kigothi, lugha ya kale ya ukoo huohuo ambayo imekwisha kufa. Katika karne ya 4 askofu Wulfila alitafsiri Biblia kwa lugha hiyo, na katika Injili ya Luka, pale mwenye nyumba anapoghadhibika kwa sababu walioalikwa karamuni wametoa visingizio, neno alilolitumia ni þwairhs. Kwa Wagothi, mtu mwenye hasira alikuwa mtu aliyekingama.

Safari hii kutoka kwenye mkao wa mti hadi kwenye tabia ya mtu ndiyo inayoeleza pia kitenzi thwart, ambacho leo hutumiwa na Waingereza kwa maana ya kuvunja mpango wa mtu au kumzuia asifikie alichokusudia. Mwanzoni kilihusu kuweka kitu mbele ya mwingine. Anayekuwekea gogo njiani amekuzuia, na baada ya karne chache gogo likasahauliwa, kizuizi kikabaki.

Hapa ndipo nilipoona aibu kwamba nilikimbilia "kuvuka", kwa sababu Kiswahili kimefanya safari hiyohiyo na alama za nyayo zake bado zinaonekana. Tazama kitenzi kinga. Tunakinga maji ya mvua kwa ndoo, tunakinga mkono kuzuia pigo. Kikipata -ama, kiambishi tunachokikuta katika inama, egama, chutama na kwama, ambavyo vyote ni vitenzi vya mkao, kinakuwa kingama: mti umekingama njiani, umeikingamia njia. Na kutoka kwenye kinga hiyohiyo tunapata kinza, ambamo g imegeuka z kama inavyogeuka katika jenga na mjenzi, au tunga na mtunzi. Mashahidi wawili wanaokinzana mahakamani ni watoto wa mzizi mmoja na mti ulioanguka barabarani baada ya mvua za masika.

Kuna na pinga, ambayo nadhani ndiyo jamaa wa karibu zaidi wa thwart kwa maana. Kupinga mlango ni kuweka kipingo kwa mapana yake usifunguke, na kupinga njia ni kuiziba. Kutokana na kitendo hicho cha mikono tumepata pingamizi la kisheria, mpinzani wa uwanjani na vyama vya upinzani bungeni. Ninapomsikia mtangazaji akisema "kambi ya upinzani", tangu siku ile ya Pangani naona ubao uliolazwa kwa mapana ya mlango, na sioni kwamba neno limedhalilishwa kwa hilo. Kipingo ni sehemu ya mlango, hakuna mlango wa maana uliokosa kipingo.

Lakini neno athwart limekulia baharini hasa, na baharini Kiswahili hakina cha kuazima. Kwa mabaharia wa Kiingereza lilikuwa neno la kawaida la kila kitu kilichotoka ubavu kwa ubavu, kinyume cha kilichotoka omo hadi tezi. Walikuwa pia na namna yake ya kutaja hatari ya chombo kukokotwa na mkondo usiku na kukingamia omo ya chombo kingine kilichotia nanga. Sisi mstari wa urefu tumeuweka hata katika methali, "kuenda tezi na omo, marejeo ni ngamani". Na chombo kinachokwenda kaskazini wakati wa Kaskazi hakiwezi kuukabili upepo uso kwa uso. Hukata upande huu na upande ule, na kitendo hicho mabaharia hukiita kubisha. Neno hilohilo tunalitumia kwa mtu anayekataa hoja ya mwenzake. Nilipomtajia mjomba hilo, alisema kwamba kwake halijawahi kuwa maneno mawili: anayebisha hajakataa kufika, ila upepo haumpi njia ya moja kwa moja.

Faida kubwa kuliko zote niliipata katika sentensi ya Shakespeare, ambayo sikuwa hata nikiitafsiri. Katika tamthilia ya Measure for Measure, mtawala mmoja anakiri kwamba amezilegeza sheria kwa miaka mingi, hata mtoto mchanga anampiga yaya wake na adabu yote inakwenda athwart. Hapa hakuna ubao wala mti ulioanguka. Kwa siku kadhaa nilijaribu "kombo", nikajaribu "upogo", na yote yalikuwa sahihi bila kuwa hai. Kisha nikakumbuka mrama. Wengi wetu tunasema mambo yamekwenda mrama bila kuifikiria bahari, lakini mrama ni myumbo wa chombo, pale kinapolala ubavu huu na kuinukia ule na abiria wakashika chochote kilicho karibu. Adabu yote imekwenda mrama: chombo, hatari na mtawala asiyeshika usukani vimo humo, na neno la Kiingereza limepata mwenzake aliyetokea majini kama lenyewe.

Wamarekani wengi wanalijua neno hili kwa sentensi nyingine. Mwaka 1955, mwandishi William F. Buckley alipoanzisha jarida la kihafidhina la National Review, aliandika kwamba jarida hilo linasimama athwart historia na kuipigia kelele kwamba isimame. Mtafsiri atakayeandika "linavuka historia" ataiua kauli hiyo kabisa, kama nilivyouua ubao wangu. Ningeandika kwamba limeikingamia historia, maana kimoja hapo kinakwenda na kingine kimejilaza mbele yake, nasi tunajua ni kipi.

Limebaki jambo la ubao wenyewe. Ubao wa kukalia wapiga makasia huitwa thwart, na mtu angedhani ni kwa kuwa umekingama tu. Hata hivyo, Kiingereza cha kale kilikuwa na jina lake jingine la ubao huo, þofte, ambalo matamshi yake yalisogea kidogo kidogo hadi, kufikia karne ya 18, jina la mkao likawa limelimeza. Kutokana na þofte lilikuwapo neno geþofta, lililotumika kwa maana ya mwenza, mwandani, kwa asili yake mtu mnayeketi naye ubao mmoja mkivuta makasia. Ubao uliposahau jina lake la kwanza, neno hilo nalo lilikuwa limekwisha kupotea.

Nilimweleza mjomba hilo jioni moja, tulipokuwa tukingoja kivuko. Aliniomba nilitamke tena, akajaribu mwenyewe mara mbili, kisha akauliza kama Waingereza wamepata neno jingine la mtu huyo. Nilimwambia wanayo ya rafiki na ya mwenzi, lakini hakuna lenye ubao ndani yake. Akapapasa nafasi tupu kwenye gogo tulilokalia, akasema, "Sisi tulikuwa tukimwita wa ubavuni." Nilitoa kalamu nikaliandika pembeni mwa ukurasa wa tatu, juu ya sentensi iliyokuwa imekatwa, ambayo sasa inasomeka: mbao za kukalia zimekingama mashuani, kila moja ikibeba wapiga makasia wawili.