Nyota Akiganda Usimvute: Mimi na Mbwa Wangu Watatu wa Kondoo

Kila mtu aliyewahi kufuga mbwa wa kubweka getini anajiona ana la kukufundisha kuhusu mbwa wa kuchunga kondoo. Nimeambiwa nimpige. Nimeambiwa nimnyime chakula mpaka ashike adabu. Nimeambiwa nimwachie mbwa mzee amfundishe mdogo, na huu ndio ushauri unaoniudhi kuliko yote, kwa sababu unasikika una busara. Mbwa mdogo ukimwachia mkubwa hajifunzi kondoo, anajifunza kumkimbilia yule mkubwa. Anakua macho yake yako kwa mwenzake badala ya kundi, na siku mwenzake akichomwa na mwiba unabaki na mbwa wawili wasiofanya kazi.

Wangu ni watatu, wote Border Collie, aina ya mbwa wa kuchunga kondoo: Nyota, Waziri na Chuma. Ukiwakuta wamelala uani utasema ni wa tumbo moja. Kazini hawafanani hata kidogo. Leo naweza kulishusha kundi lote kutoka malisho ya juu hadi zizini bila kupaza sauti, na siri yake ni kwamba kila mmoja nilimfundisha kivyake, huku washauri wakinicheka.

Nianze na Nyota, maana ndiye aliyenitoa jasho.

Nyota ana jicho kali. Akiwaona kondoo anashusha kichwa mpaka kinakuwa chini ya mabega, mkia unaning'inia, mguu mmoja wa mbele unabaki hewani umekunjwa, kisha anakaza macho wala hapepesi. Ni mwendo wa mnyama anayewinda, ila uwindaji umekatwa njiani kabla ya kuruka na kuuma. Watu waliuchagua kwa makusudi, kizazi baada ya kizazi. Mbwa anayehesabiwa kuwa babu wa ukoo huu, Old Hemp, alizaliwa mwaka 1893 huko Northumberland, kaskazini mwa Uingereza, kwa Adam Telfer. Inasimuliwa kwamba baba yake, Roy, alikuwa mchangamfu mwenye jicho dhaifu, na mama yake, Meg, alikuwa na haya na jicho kali kupita kiasi. Hemp akatokea katikati: mkimya, mwenye nguvu, na kondoo wakamtii. Nyota wangu yeye amerudi kwa bibi.

Tatizo la jicho kali ni hili. Kondoo ana mpaka wake asioutaka uvukwe. Mbwa akiuvuka, kondoo anasogea. Mbwa akisimama ukingoni, kondoo naye anasimama, anageuka, anamtazama. Nyota husimama ukingoni hasa. Basi wanatazamana, na hakuna upande unaoona sababu ya kuondoka. Ukimwita, sikio moja linageuka kwako, mwili haugeuki. Nimewahi kwenda kunywa maji na kurudi, nikakuta kikao bado kinaendelea.

Hapo ndipo akaja mzee mmoja, mfugaji wa siku nyingi, akasimama kando akatazama, akatikisa kichwa.

"Kijana, unahangaika bure. Mfunge na yule mwenye mbio. Shingo kwa shingo, kamba fupi. Akivutwa mara mbili tatu atajua kutembea ni lazima."

"Mzee wangu, hawataumizana?"

"Hawa? Hawa ni mbwa au mayai?"

Mwenye mbio ni Chuma. Nikawafunga, mzee akakagua fundo mwenyewe, akaridhika. Nikatoa amri. Chuma akachomoka kama risasi, na Nyota, kama kawaida yake, akalala chini kifudifudi na kukaza macho. Kamba ikanyooka. Kilichofuata sikukitarajia: Nyota hakuinuka wala hakulia. Aliburutwa juu ya nyasi kwa tumbo, taratibu, miguu minne imenyooka nyuma, na muda wote huo hakuondoa macho kwa kondoo. Kondoo walipomwona mnyama anawajia bila kupiga hatua walichanganyikiwa kabisa. Wakapasuka pande zote. Chuma akataka kuwafuata wa kulia, akabadili mawazo akawataka wa kushoto, katikati kukawa na kisiki. Akakizunguka. Akakizunguka tena. Kamba ikajisokota mpaka wote wawili wakabanwa ubavu kwa ubavu, ndimi nje.

Sasa, kondoo wana udadisi ambao watu hawausemi sana. Wakiona hatari imefungwa, wanarudi kuichungulia. Akaja mmoja, wakaja wawili, mwishowe kundi zima likawa limezunguka kisiki nusu duara, limetulia vizuri ajabu. Jike mmoja mzee mwenye pembe moja akanyoosha shingo akamnusa Chuma sikioni. Chuma akafumba macho. Nyota ndiye pekee aliyekuwa na furaha: kondoo wote wamekusanyika mbele yake na hakuna anayemwambia asogee.

Nikamgeukia mzee. Akakohoa. "Kamba ilikuwa ndefu," akasema, akaenda zake.

Dawa ya Nyota niliipata kwa kutazama. Niliona kwamba hagandi kamwe kondoo wakiwa wanatembea. Anaganda wakisimama. Kwa hiyo nikaacha kabisa kumsukuma mbwa, nikaanza kuwasogeza kondoo. Nilichukua ndoo yenye nafaka kidogo, nikasimama upande wa pili wa kundi, nikaitikisa huku narudi nyuma. Kondoo wakanifuata, na yeye kuona miguu inaondoka, jicho likalegea lenyewe, akaja. Amri ya kusogea nilikuwa naitoa wakati huohuo tayari anasogea, kamwe si akiwa ameganda, ili neno lishikamane na mwendo. Na kabla hajafika mahali pa kugandia, nampeleka upande: kushoto kidogo, kulia kidogo. Mbwa anayekwenda ubavu hawezi kukaza macho sawasawa. Baadaye ndoo ikawa tupu, kisha sikuihitaji tena. Jambo jingine: usimfundishie mbwa wa jicho kali kwa kondoo watatu waliozoea watu, wale wanaokusugua magoti wakitaka chakula. Hao hawaondoki, na yeye atazidi kuganda. Mpe kundi kubwa kidogo, lenye wepesi wa miguu.

Waziri ni habari nyingine. Huyu anajua kazi kuliko mimi, na anajua kwamba anajua. Ukimtuma, anafungua njia pana, anazidi kujitanua kadiri anavyowakaribia kondoo ili asiwashtue, mpaka anatua nyuma yao, mkabala na mimi, kundi likiwa katikati yetu. Hapo ndipo mbwa wa ukoo huu anapojisikia yuko mahali pake. Ukisogea kulia kwako, naye anasogea ili kundi libaki katikati. Nusu ya mafunzo ni kulijua hilo na kulitumia, hata amri za kushoto na kulia zinajengwa juu yake.

Ila Waziri hataki kukaripiwa. Pandisha sauti mara moja tu, atasimama, atakutazama kwa masikitiko, kisha atakwenda zake kulala chini ya tela. Asubuhi imekwisha. Kumbembeleza ni bure, anakupa mgongo. Watu wakaniambia mbwa laini hafai, muuze. Nisimuuze ng'o! Nilinunua filimbi, ile bapa ya kukunjwa inayowekwa kinywani. Filimbi haina hasira. Hata ukiwa umekasirika mpaka mishipa imekutoka, sauti inayomfikia yeye ni ileile. Kujifunza kuipiga ni balaa. Majuma ya kwanza nilikuwa natema mate tu, na waliokuwa karibu walifurahi sana. Lakini Waziri aliishika amri ya kusimama kwa mluzi upesi kuliko nilivyoweza kuipiga vizuri. Akikosea siku hizi sisemi kitu, nasimama tu. Nikisimama mimi, kazi inasimama, na hilo halivumilii.

Kwa kuwa niko kwa Waziri: ana tabia ya kulamba dawa inayodondoka tukiwanywesha kondoo ya minyoo. Baadhi ya mbwa wa jamii za kolii wana hitilafu katika jeni iitwayo MDR1, na ivermectin, mojawapo ya dawa hizo za minyoo, kwa kipimo cha kondoo inaweza kuwaua. Siku ya dawa mbwa wote wanafungwa mbali, ndoo na sindano zinasafishwa kabla hawajafunguliwa. Hili halina mjadala kwangu.

Chuma anauma. Kila aliyemwona alisema ni mkali, jeuri, anataka mkono mzito. Mimi nilimwangalia mdomo. Mbwa jeuri anauma mdomo umetulia. Huyu midomo ilikuwa inatetemeka kabla, masikio yamelala nyuma, na alikuwa anauma penye nafasi finyu tu, langoni au kwenye kona. Anarukia ubavu au mguu, ananyofoa sufi, anakimbia. Huo ni woga. Mbwa anayemgusa puani jike anayemjia kwa kishindo simlaumu, hiyo ni haki yake. Anayerukia mguu wa nyuma wa kondoo anayeondoka anaogopa asigeukiwe. Ukimpiga unamthibitishia kwamba pale karibu na kondoo pana mabaya kweli.

Nikafanya kinyume. Nikawabana kondoo kwenye kipito, nikamtia Chuma kamba nyepesi, tukapita wote wawili kati ya kondoo na uzio, mimi nyuma yake, goti langu karibu kumgusa. Mara ya kwanza manyoya ya mgongo yalisimama, sufi ikimsugua mbavu pande zote, na nilisikia meno yakigongana. Sikusema kitu, nilitembea tu. Tulipotokea nyuma yao, kondoo wakasogea mbele wenyewe, na Chuma akashangaa. Akatazama huku na huku, kana kwamba kuna mbwa mwingine aliyewasogeza. Tukarudia, siku nyingine tukarudia tena, kwa kipito chembamba zaidi. Leo ndiye ninayemtuma langoni kundi likigoma. Anapenya chini ya matumbo yao, anatokea upande wa pili na sufi usoni, hajafungua mdomo.

Wanaouliza kama wanunue mtoto au mbwa aliyekwisha fundishwa: aliyefundishwa ni ghali, tena ghali ya kukuumiza, ila nenda umwone akifanya kazi na kondoo wasiomjua, si wale wa nyumbani kwake. Mtoto ni nafuu mpaka uhesabu muda wako. Na usimpeleke kwa kondoo kabla hajaweza kuwapita kwa mbio. Asiyeweza kuwapita atawafukuza kutoka nyuma, hiyo ndiyo tabia atakayokua nayo.

Msimu wa kuzaa simpeleki Chuma kabisa kwa majike wenye watoto, nampeleka Nyota. Jike aliyetoka kuzaa hakimbii. Anageuka, anainamisha kichwa, anapiga kwato chini, tap, tap, akimtahadharisha mbwa. Mbwa mwenye papara atavamia au atakimbia, na vyote viwili ni hasara, maana mtoto anaweza kukanyagwa. Juzi Nyota alikabiliwa na jike wa namna hiyo, mtoto bado amelowa chini ya tumbo. Nyota akasimama. Nikajua tumeshaganda tena. Kumbe hapana: alipoona jike amepunguza kupiga kwato, akapiga hatua moja pembeni, akaangalia kando, akampa nafasi. Jike akamnusa mtoto, akageuka, wakaelekea zizini, Nyota nyuma yao kwa mbali. Sikutoa amri hata moja. Nilisimulia habari hii kwa watu wengi kuliko ilivyostahili.

Kilichonishinda ni magurudumu. Chuma, huyohuyo anayepenya chini ya kondoo kwa adabu, akiona gurudumu linazunguka akili inaruka: gari, toroli, hata baiskeli ya mtoto. Nimejaribu filimbi, nimejaribu mfupa, nimejaribu kumzoesha gari likiwa limesimama. Likisimama hana habari nalo, hata halinusi. Kwa hiyo gari likisikika linakuja anafungwa, na fundo nalikagua mimi mwenyewe.